Chaki ya Shaun

Kwetu Bungoma, ukishindwa katika mchezo wa vishale, ile darts ya kurusha ubaoni, unashika chaki. Sheria hiyo haijaandikwa mahali popote, na labda ndiyo maana haivunjwi. Aliyeshindwa anasimama kando ya ubao na kuandika alama za wenzake katika mchezo unaofuata, anatoa hesabu huku ameuma meno, na watu wanapata nafasi ya kumtania vizuri. Nilipofika Doha nikakuta Waingereza nao wana desturi hiyo hiyo, tena wanadai ni yao. Sawa, wacha iwe yao.

Sasa Shaun alishika chaki miaka minne mfululizo bila kushindwa na mtu hata mmoja. Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo mhudumu wa hoteli hatakiwi kumuuliza mteja.

"Mista Shaun, nani alikushinda?"

"Hakuna," akasema.

"Basi hiyo chaki unaishikia nini?"

Collins, msimamizi wetu, alinikanyaga mguu kwa siri. Shaun alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nimletee soda yake ya tangawizi, na swali langu akaliacha pale pale lilipokuwa.

Mimi ni Nasimiyu. Kwetu jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa kiangazi, na kwa kuwa Doha ni kiangazi karibu mwaka mzima, naweza kusema nimefika nyumbani. Nahudumu katika ukumbi wa michezo wa hoteli moja ya Al Sadd, ghorofa ya pili, pale ambapo huingii kabla ya kuonyesha kitambulisho. Zamani nilikuwa karani wa maji katika kaunti, na katika michezo ya wafanyakazi wa kaunti nilirusha vishale kwa miaka mitano. Sikuwa bingwa, lakini hesabu zangu ziliogopwa. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri, ligi ya vishale ilipokutana ukumbini kwetu, mikono yangu ilikuwa inabeba gilasi na macho yangu yako ubaoni.

Ligi yenyewe ilikuwa na timu sita: walimu, mafundi wa ndege, wahasibu, watu wa mitambo, wengi wao Waingereza na Waskoti waliochomwa na jua kila mahali. Shaun alikuwa wa timu ya mtaa wa Abu Hamour. Ana miaka hamsini na miwili, kifua kipana, nywele zimebaki pembeni tu, na anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Walioshindwa walimpenda sana, maana aliwaondolea kazi ya chaki. "Kaa, kaa, nitaandika mimi," alikuwa akisema, nao wanakaa haraka kabla hajabadilisha nia.

Lakini katika mfuko wa shati lake kulikuwa na kikasha cheusi cha ngozi, na ndani yake vishale vitatu. Havikuwahi kutoka. Mimi nilikuwa nakiona kila Jumamosi na kujiambia kwamba mtu habebi jembe kila siku kama hana hamu ya kulima.

Habari zake nilizipata kidogo kidogo, gilasi kwa gilasi. Alizaliwa Grimsby, mji ambao kwa maelezo yake unanuka samaki hata siku ya harusi. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka, na Shaun akapanda paa akiwa na miaka kumi na sita. Jioni alirusha vishale katika baa ya mtaa wao. Akawashinda wa mtaa, akawashinda wa mji, akaitwa timu ya mkoa. Alipofika miaka ishirini na minne aliweka nyundo chini, akamwambia baba yake kwamba kuanzia siku hiyo vishale ndiyo kazi.

"Baba akasemaje?" nikauliza.

"Alisema nyundo haiozi. Nitaikuta pale pale."

Miaka kumi na tisa aliishi kwa mchezo huo. Alizunguka Uingereza na Ulaya katika gari la mizigo pamoja na wachezaji wengine watatu, mmoja wao anakoroma na mwingine anaimba. Alivaa shati lenye jina la jukwaani mgongoni, Fundi wa Paa, na alipoingia ukumbini walimpigia wimbo wake huku mashabiki wakipiga meza. Mashabiki wenyewe, akaniambia, ni watu wazima waliovaa kama ndizi na karoti. Nilidhani ananichezea. Akanionyesha picha kwenye simu: kweli, ndizi kumi na mbili zimeshikana mabega, zinaimba. Nimeona mengi duniani lakini hizo ndizi sitazisahau.

Mara moja alifika robo fainali ya mashindano makubwa, yale ya kuonyeshwa kwenye televisheni. Alishindwa kwa kishale kimoja. Hakuonekana kuumia aliponisimulia hilo. "Kushindwa ni sehemu ya kazi," alisema. "Unashindwa, unaoga, unaingia kwenye gari."

Kilichomuumiza kilikuja baadaye, akiwa na miaka arobaini na mitatu, katika ukumbi mmoja Ujerumani. Aliinua mkono kurusha kama alivyouinua mara laki kadhaa maishani, na vidole vikakataa kufunguka. Mkono uko juu, jicho liko kwenye shabaha, kishale hakitoki. Aliniambia ni kama chafya inayokujia halafu haiji. Akashusha mkono, akauinua tena, wapi. Watu wakadhani ni mbinu, kisha wakaanza kunong'ona.

Kumbe ni ugonjwa unaojulikana miongoni mwao, na wanauogopa kiasi kwamba hawataji jina lake wakiwa kwenye chakula. Shaun alijaribu daktari wa akili, akajaribu mtu wa kumlaza usingizi kwa maneno, akajaribu mkono wa kushoto. Alivumilia misimu miwili, akaporomoka hadi chini kabisa, na nafasi yake ya mchezaji wa kulipwa ikachukuliwa. Mkono ulimwacha kwanza. Mke naye hakukawia. Akarudi kuiokota nyundo, na kweli ilikuwa pale pale. Miaka miwili baadaye akapata kazi Doha ya ukaguzi wa usalama, yaani kutwa nzima kuwakataza wengine wasianguke kutoka kwenye mapaa.

"Basi chaki ndiyo iliyobaki," nikamwambia.

"Chaki ndiyo iliyobaki. Ukishika chaki unaruhusiwa kusimama karibu na ubao."

Nilienda jikoni nikajifanya natafuta barafu. Sipendi wateja wanione nikilia, wanaanza kuuliza maswali.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa saba mchana, lami nje inayeyuka, niliingia ukumbini na trei ya gilasi kabla ya timu kufika. Shaun alikuwa peke yake mbele ya ubao. Kikasha kilikuwa wazi juu ya meza. Mkono wake ulikuwa juu, kishale mkononi, na alikuwa amesimama hivyo bila kusogea. Nikahesabu moyoni mpaka ishirini. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na kiyoyozi chetu unajua kilivyo, ukumbi ule ni friji.

Sijui ni nini kilinisukuma. Katika mchezo wa vishale kuna mwitaji, mtu anayesimama kando ya ubao na kutangaza kwa sauti alama zilizopigwa na zilizobaki. Bungoma tulikuwa na mwitaji mwenye koo la kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nikavuta pumzi, nikaita kama yeye:

"Shaun! Bado thelathini na mbili!"

Kishale kikaruka. Kilipita mbali na ubao, kikamchoma kipanga wa kwenye picha ya ukutani, mguuni, kikaning'inia pale. Tukakitazama sote wawili.

"Kimetoka," Shaun akasema polepole.

"Kimetoka, lakini umemuua ndege wa wenyewe."

Mpaka leo Collins anauliza ni nani aliyemtoboa kipanga. Ajibiwe na nani? Mimi nafuta meza tu.

Tangu siku hiyo tukawa na dakika zetu kumi kila Jumamosi kabla ya ukumbi kufunguliwa. Yeye anainua mkono, mimi naita namba, kishale kinatoka. Nikinyamaza, hakitoki. Shaun alidhani ni kwa sababu sauti inamwondolea nafasi ya kufikiri, na kufikiri ndiko kulikomharibu. Mimi nilidhani ni kwa sababu mtu akiitwa na mwanamke wa Bungoma haringi. Kufikia mwezi wa kumi alikuwa anapiga ishirini ya trebo, ule mkanda mdogo wa sitini, mara tatu katika kila mara kumi.

"Basi cheza ligi," nikamwambia.

"Siwezi. Mchezaji akishasimama mstarini, mwitaji anatakiwa kukaa kimya. Hiyo ni sheria."

"Na mchezaji akiuliza bado ngapi?"

Akafikiri. "Akiuliza, mwitaji anamjibu namba iliyobaki. Namba tu. Hamwambii apige wapi."

"Basi uliza. Kuuliza si ujinga."

"Kila kishale?"

"Sheria imetaja mara ngapi?"

Alitabasamu, lakini alitikisa kichwa. Mbele ya watu hapana. Alisema Ujerumani ilimtosha.

Fainali ya ligi ilikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja: Abu Hamour dhidi ya Al Thumama, michezo tisa, mchezaji mmoja kwa mmoja. Saa moja kabla ya kuanza, Ronny wa Abu Hamour akapiga simu kwamba ameteguka kifundo cha mkono akicheza tenisi na mwanawe. Kapteni wao, Trevor, mwalimu wa hesabu mwenye masharubu na haraka, akatoa orodha ya wachezaji waliosajiliwa. Jina moja tu ndilo lililobaki. Kumbe miaka minne yote walikuwa wanaliandika jina la Shaun ili kujaza karatasi.

"Ni wewe," Trevor akamwambia. "Wewe au tuwape mchezo mmoja bure."

Shaun alibadilika rangi. Kwa kawaida fainali huitwa na yeye, kwa hiyo sasa mwitaji naye akakosekana. Trevor akauliza ni nani atakayeita. Kapteni wa Al Thumama akaninyooshea kidole nikiwa na kitambaa begani. "Huyu. Anatoa hesabu kabla kishale hakijatua. Nimemwona akikunja uso tukikosea."

Nikamtazama Collins. Collins akanivuta kando.

"Nasi, we uko kazini. Manager akikuja nitamwambia nini?"

"Mwambie niko customer service."

"Na hizo meza?"

"Collins bana, si una mikono?"

Akachukua trei. Ana roho nzuri huyo kijana, ni vile tu hapendi ijulikane.

Nikampita Shaun karibu. "Utauliza?" nikanong'ona. Alikuwa anatazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Michezo saba ilikwisha, Abu Hamour wakawa mbele nne kwa tatu. Mchezo wa nane ulikuwa wa Shaun. Akishinda, kombe ni lao. Mpinzani wake alikuwa Wayne, fundi wa ndege wa miaka ishirini na minane, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Lakini kombe lilikuwa la Trevor na wenzake kulihangaikia. Mimi na Shaun tulikuwa na swali moja tu, kama kishale kitatoka.

Kwa asiyejua: kila mchezaji anaanza na mia tano na moja, anapunguza kwa kila anachopiga, vishale vitatu kwa zamu. Mwisho lazima amalize kamili, na kishale cha mwisho kiingie katika ule mkanda mwembamba wa nje unaoitwa dabo, unaozidisha namba mara mbili.

Wayne akaanza, akapiga vizuri. Shaun akaja mstarini. Watu wakaacha kunywa, maana waliomjua walijua. Akainua mkono. Moja, mbili, tatu, nne. Mkono ukaanza kutetemeka. Nikaumeza ulimi wangu.

"Bado ngapi?" akauliza, sauti imekauka.

"Mia tano na moja!"

Kishale kikatoka, kikaingia ishirini. Mtu mmoja nyuma akapiga meza. Akainua cha pili.

"Bado ngapi?"

"Mia nne themanini na moja!"

Kikatoka. Na cha tatu pia. Wayne akageuka.

"Huyu haoni ubao? Atauliza mpaka Krismasi!"

Mwenyekiti wa ligi, mzee wa Kiskoti asiyetabasamu bila sababu, akafungua kitabu cha sheria, akasoma, akakifunga. "Anaruhusiwa kuuliza. Mwitaji anaruhusiwa kujibu. Endeleeni."

Basi tukaendelea. Shaun akiuliza, mimi nikiita. Zamu ya pili akapiga mia moja. Ya tatu mia na arobaini, na hapo hata watu wa Al Thumama walipiga kelele, maana mkono ule tuliokuwa tunausikia katika hadithi ulikuwa umeamka mbele yetu. Zamu ya tano ilipokwisha Shaun alikuwa amebakiwa na thelathini na mbili. Wayne alikuwa na arobaini, akarusha vitatu, vyote vikakosa dabo. Mdomo wake ukapungua kidogo.

Shaun akaja mstarini. Thelathini na mbili ni dabo ya kumi na sita, kila mtu anajua, hata Collins sasa anajua.

"Bado ngapi?"

"Thelathini na mbili!"

Nje. Karibu, lakini nje.

"Bado ngapi?"

"Thelathini na mbili!"

Kikaingia kumi na sita ya kawaida. Imebaki kumi na sita, yaani dabo ya nane, na kishale kimoja mkononi.

Akainua mkono. Nikajaza mapafu. Namba ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, nasubiri aulize tu.

Hakuuliza.

Alisimama pale mkono uko juu. Nikahesabu tano, nikahesabu nane. Nilitaka kuita, Mungu ananiona, nilitaka kuita kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika mji huu. Lakini mwitaji haiti bila kuulizwa. Trevor alikuwa amefunika macho. Mkono wa Shaun haukutetemeka. Nikamwona anavuta pumzi, mabega yakashuka kidogo, na vidole vikafunguka vyenyewe.

Kishale kilitua pale penye dabo ya nane. Abu Hamour wakaruka juu, viti vikaanguka, Trevor akamkumbatia mtu asiyemjua. Kutoka pale walipokuwa, kilikuwa ndani kabisa.

Mimi nilikuwa karibu. Ubao una waya unaotenganisha ndani na nje, na mwitaji ndiye anayesogea kuangalia. Nikasogea. Nikaangalia upande huu, nikaangalia upande ule. Kishale kilikuwa kimeugusa waya kwa nje. Unywele mmoja. Ningekaa kimya sekunde mbili zaidi, Shaun angekivuta, na hakuna binadamu ambaye angejua.

Nikamgeukia. Alikuwa ananitazama mimi, hakuwa anatazama ubao. Yeye aliyenifundisha kwamba mwitaji hana rafiki.

"Hakuna alama," nikaita. "Bado kumi na sita."

Kelele zilizofuata sitazirudia, nyingine zilinihusu mimi. Trevor alitaka kitabu cha sheria, mwenyekiti, wakili, sijui nani tena. Shaun alikuja taratibu mpaka ubaoni, akainama, akakitazama kishale chake kwa muda mrefu.

"Kiko nje," akasema. "Yuko sawa." Kisha akakivuta.

Wayne akarudi mstarini, akapiga dabo ya ishirini kwa kishale cha kwanza. Nne kwa nne. Alimpa Shaun mkono.

Nilijiona mchawi. Nikamfuata Shaun, nikaanza kusema pole, pole sana Mista Shaun. Yeye alikuwa anatafuta kitu kwa macho. Yule wa Al Thumama aliyeshindwa mchezo wa saba bado alikuwa kando ya ubao wa alama, chaki mkononi, tayari kuufuta kwa ajili ya mchezo wa tisa. Shaun akamwendea, akanyoosha kiganja.

"Nipe hiyo," akasema.

"Kaa tu, Shaun, nitaandika mimi," yule bwana akasema kwa huruma.

"Hapana." Uso wake wote ulikuwa unang'aa, machozi yanashuka na wala hayafuti. "Hii ni yangu. Mimi nimeshindwa."

Kwetu tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimelisikia neno hilo tangu shule ya msingi, nikilichukulia kuwa la kuwafariji wanaoshika mkia. Siku hiyo nilimwona mtu ambaye miaka saba hakupata hata nafasi ya kushindwa, na sasa ameipata, na hataki mtu amnyang'anye.

Mchezo wa tisa Trevor alishindwa, kombe likaenda Al Thumama, na akanuna mpaka Krismasi. Mimi hilo sikulijali sana. Kabla ya mchezo huo kuanza nilisimama upande wangu wa ubao, Shaun akasimama upande wake, akafuta, akaweka chaki juu kabisa, akanigeukia.

"Bado ngapi?" akauliza.

"Mia tano na moja," nikamjibu, naye akaandika.